Zebaki inavyoshika protini: Somo kwa wachimbaji na wakulima wa Buhemba

KATIKA vijiji vinavyouzunguka mgodi wa dhahabu wa Buhemba, wilayani Butiama mkoani Mara, si ajabu kumkuta mtu mmoja akiwa na shamba la mihogo, ng'ombe kadhaa na hisa katika duara la dhahabu. Mvua zikinyesha hushika jembe, kiangazi kikiingia hushika sururu. Mkewe huuza chakula karibu na karasha, na kijana wake hununua dhahabu kidogo kidogo na kuipeleka mjini.

Kinachounganisha shughuli hizo zote, ingawa ni wachache wanaokifikiria, ni zebaki. Mchimbaji huimimina kwenye beseni ili ikamate dhahabu. Anapochoma, mvuke wake hupanda hewani na kutua juu ya kisamvu, juu ya paa linalovuna maji ya mvua, na katika mapafu ya mama anayepika jirani. Sehemu nyingine hubaki kwenye mchanga wa marudio, na mvua huisukuma kuelekea mitoni.

Kwamba zebaki ni sumu, wengi wamekwishasikia. Lakini ni mara chache wanaelezwa sumu hiyo hufanya nini ikishaingia mwilini. Jibu limo katika fani ambayo kwa kawaida haifiki kwenye kurasa za wakulima, yaani uchunguzi wa jinsi vipande vya protini vinavyogusana ndani ya mwili. Ukilielewa hilo, utaelewa pia kwa nini kunywa maziwa hakumsaidii anayechoma zebaki, kwa nini wataalamu hupima nywele, na kwa nini mlo wa mihogo mitupu ni hatari ya namna yake.

Dhahabu ya Buhemba

Dhahabu ya Buhemba haikuanza jana. Ilichimbwa tangu enzi za ukoloni, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Meremeta ilichimba hapo kwa mitambo mikubwa. Baada ya shughuli hizo kusimama, eneo hilo lilikuja kuwa chini ya Shirika la Madini la Taifa (STAMICO), huku wachimbaji wadogo wakiendelea kutafuta riziki pembezoni na katika vitalu vyao. Kabla ya Wilaya ya Butiama kuanzishwa mwaka 2012, eneo hilo lilikuwa sehemu ya Musoma Vijijini.

Mchimbaji mdogo hana mtambo wa mamilioni. Mawe yakitoka duarani hupelekwa kwenye karasha na kusagwa, unga wake huoshwa kwenye mwalo, na mchanga mzito unaobaki huchanganywa na zebaki kwa mkono. Zebaki hukumbatia dhahabu na kuwa tonge moja. Tonge hilo hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357 za Selsiasi, hivyo moto wa kawaida wa mkaa unatosha kuifukuza, na dhahabu hubaki.

Njia hiyo ni rahisi na ya haraka, na ndiyo sababu imeenea duniani kote. Tathmini ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ya mwaka 2018 ilionyesha kuwa uchimbaji mdogo wa dhahabu unachangia takriban asilimia 38 ya zebaki yote ambayo binadamu huipeleka hewani. Hakuna shughuli nyingine inayoufikia, hata mitambo ya umeme inayochoma makaa ya mawe.

Protini ni kama shanga zilizokunjwa

Ili kuelewa zebaki inakwenda wapi, inabidi kwanza kujua protini ni nini. Watu wengi wanapolisikia neno hilo huwaza nyama, maharage na dagaa. Hiyo ni sahihi, lakini protini si chakula tu. Misuli ni protini, kadhalika nywele, kucha na pembe za ng'ombe. Kitu kinachobeba hewa safi kwenye damu ni protini, na vimeng'enya vinavyosaga ugali tumboni ni protini pia.

Kila protini imetengenezwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, vilivyoungana mmoja baada ya mwingine kama shanga kwenye uzi. Mwili hutumia aina 20 za kawaida za shanga hizo. Protini moja inaweza kuwa na shanga mia moja, nyingine mia tano, nyingine maelfu.

Hata hivyo, uzi wa shanga ulionyooka haufanyi kazi yoyote. Ni lazima ujikunje na kuwa na umbo maalumu. Chukua uzi wa shanga uukunje ndani ya kiganja: shanga ya tano, ambayo kwenye uzi iko mbali kabisa na shanga ya themanini, sasa imekaa ubavuni mwake. Hapo ndipo penye mgusano. Ni migusano ya namna hiyo, mingi na midogo, inayoshikilia umbo la protini, kama kamba zinavyoshikilia fito za nyumba ya udongo. Kamba zikikatika, fito bado zipo lakini hakuna nyumba.

Mgusano mmoja usiotakiwa unaweza kuleta maafa. Mfano ni ugonjwa wa selimundu, ambao familia nyingi za Kanda ya Ziwa zinaufahamu kwa machungu. Katika protini inayobeba hewa kwenye damu, shanga moja tu, ile ya sita katika mnyororo wake mmojawapo, imebadilika. Shanga hiyo mpya hupenda kujibanza kwenye kishimo kidogo cha protini ya jirani. Protini zikishikana hivyo moja baada ya nyingine, hutengeneza nyuzi ngumu ndani ya chembe ya damu, na chembe hiyo hupinda kama mundu. Mtoto huumwa, na chanzo ni shanga mbili ambazo hazikupaswa kugusana.

Zebaki iliwasaidia wanasayansi kuona

Kuna jambo moja la ajabu katika historia ya fani hii. Zebaki yenyewe ndiyo iliyowafungulia wanasayansi mlango wa kuona maumbo ya protini.

Max Perutz, mtafiti wa Cambridge nchini Uingereza, alihangaika kwa miaka mingi kutafuta umbo la himoglobini, yaani ile protini ya damu, kwa kupiga picha fuwele zake kwa miale ya eksirei. Picha zilitoka, lakini hakukuwa na njia ya kuzisoma. Mwaka 1953 alionyesha kuwa akifunga chembe nzito za zebaki kwenye protini hiyo, picha hubadilika kidogo, na kutokana na mabadiliko hayo ramani inaweza kuchorwa. Mwenzake John Kendrew, naye akitumia chembe nzito, alipata umbo la kwanza la protini mwaka 1958. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1962.

Zebaki ilifanya kazi hiyo kwa sababu haikujibandika ovyo. Ilikwenda moja kwa moja kwenye shanga ya aina moja, iitwayo sisteini, na kung'ang'ania hapo. Tabia iliyowafaa watafiti maabara ndiyo hiyo hiyo inayomdhuru mchomaji kwenye mwalo.

Tangu hapo kazi ya kuchunguza migusano imekua. Mtaalamu huchukua orodha ya mahali ilipo kila atomi ya protini, kisha kompyuta hupima umbali kati ya kila shanga na kila shanga nyingine. Zikiwa karibu kuliko kipimo fulani, mara nyingi nanomita 0.8, huandikwa kuwa zinagusana. Milimita moja ina nanomita milioni moja, hivyo msomaji anaweza kukisia udogo wake. Matokeo huwekwa kwenye jedwali, kama daftari la duka lenye safu za majina upande mmoja na majina hayo hayo juu, na alama huwekwa pale ambapo wawili wanadaiana. Mnyororo wenye shanga 141, kama mmojawapo wa ile protini ya damu, una jozi 9,870 za kupima. Jozi zinazogusana ni sehemu ndogo tu ya hizo, nazo ndizo zinazolishikilia umbo zima.

Hifadhi ya kimataifa ya maumbo ya protini ilianzishwa mwaka 1971 ikiwa na maumbo saba. Sasa ina zaidi ya 200,000. Aidha, wataalamu waligundua njia ya kubashiri migusano bila picha. Ni sawa na jembe na mpini: tundu la jembe likipanuliwa, mpini nao lazima uwe mnene. Mtu akiangalia majembe mia moja na kuona vitu hivyo viwili vinabadilika pamoja kila mara, atajua kuwa vinakutana, hata kama hajawahi kuona jembe likitiwa mpini. Shanga mbili zinazobadilika pamoja kutoka kwa binadamu hadi ng'ombe hadi samaki, huenda zinagusana. Elimu hiyo ilichangia programu za kompyuta za kubashiri maumbo, kazi iliyowapa Demis Hassabis na John Jumper sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2024, pamoja na David Baker aliyetuzwa kwa kubuni protini mpya.

Salfa ndiyo inayonaswa

Turudi kwenye sisteini. Sifa yake ni kwamba imebeba salfa, ile ile ambayo wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi hupuliza kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga. Ndani ya protini, sisteini mbili zilizo mbali kwenye uzi zinaweza kukutana na salfa zao zikashikana kwa nguvu, zikiwa zimeachana kwa takriban nanomita 0.2 tu. Huo si mgusano wa kawaida, ni kama pini inayofunga kona mbili za kitambaa. Sisteini nyingine huachwa wazi makusudi, kwa sababu ndizo mikono ambayo kimeng'enya hufanyia kazi.

Zebaki na salfa ni marafiki wa tangu zamani. Ardhini zebaki nyingi hupatikana ikiwa imeshikamana na salfa katika jiwe jekundu. Mwaka 1834 mkemia wa Denmark, William Zeise, aliyapa makemikali yenye salfa ya namna hii jina la Kilatini lenye maana ya "kinachokamata zebaki". Jina hilo lilitumika kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mvuke wa zebaki ukivutwa, karibu asilimia 80 hubaki mwilini. Hupita kwenye mapafu, huingia kwenye damu na kupenya hadi kwenye ubongo na figo. Humo hubadilika na kuwa katika hali inayoshika salfa, na zebaki moja inaweza kuzishika sisteini mbili kwa wakati mmoja, ikijipachika katikati yake. Kimeng'enya kilichokuwa kikifanya kazi hukwama, na protini iliyopaswa kujikunja namna moja hujikunja vingine. Nguzo ndogo zinazoshikilia umbo la seli za neva, nazo zikiwa na sisteini, zinaweza kubomoka.

Ndiyo maana dalili za mchomaji wa muda mrefu ni nyingi na hazifanani. Mikono hutetemeka. Fizi huuma. Usingizi hupotea na hasira huja upesi. Figo nazo huanza kuvuja protini kwenye mkojo. Dalili moja moja huweza kudhaniwa malaria, uchovu au pombe. Sumu ambayo ingegusa kiungo kimoja ingetambulika mapema, lakini hii hushika salfa popote ilipo, na salfa iko kila mahali mwilini.

Kwa nini maziwa hayasaidii

Katika machimbo mengi kuna imani kuwa mtu akinywa maziwa baada ya kuchoma, sumu huondoka. Imani hiyo ina chembe ya ukweli wa zamani. Hapo awali, mtu aliyemeza chumvi ya zebaki alipewa maziwa au ute mweupe wa yai, kwa kuwa protini zake zina salfa na zingeinasa sumu ikiwa bado tumboni. Lakini mchomaji hamezi zebaki, anaivuta. Mvuke huingia kwa mapafu na maziwa huingia kwa tumbo. Haviwezi kukutana.

Hospitali zina dawa zilizotengenezwa kwa kanuni hiyo hiyo. Ya kwanza ilibuniwa na watafiti wa Oxford wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya kupambana na gesi ya sumu yenye aseniki. Ina mikono miwili ya salfa inayoshindana na protini, huibandua sumu na kuitoa kwa mkojo. Hata hivyo, dawa hizo hutolewa na daktari baada ya vipimo, kwa sababu isiyofaa inaweza kuihamisha zebaki na kuipeleka kwenye ubongo. Wala haziwezi kufufua seli za ubongo zilizokwishakufa.

Zebaki ya majini na mbegu za Iraq

Kuna sura nyingine ya zebaki inayowahusu zaidi wakulima na wafanyabiashara wa samaki. Zebaki ikifika kwenye tope lililotuama maji, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya kikaboni. Hiyo huingia kwa chakula, na karibu yote hubaki mwilini. Ujanja wake mkubwa ni kujibandika kwenye sisteini moja iliyo huru. Vikiungana, viwili hivyo hufanana kwa umbo na asidi amino nyingine, methionini, ambayo ubongo huihitaji. Walinzi wa mlango wa ubongo hudanganyika na kuifungulia. Vivyo hivyo hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni.

Dunia iliyajua hayo kwa gharama kubwa. Mwaka 1956, katika mji wa Minamata nchini Japani, madaktari waliripoti ugonjwa wa ajabu wa neva kwa watu waliokula samaki wa ghuba ambayo kiwanda cha kemikali kilimwaga taka za zebaki. Watoto walizaliwa na ulemavu huku mama zao wakionekana wazima.

Somo la wakulima lilitoka Iraq. Katika majira ya baridi ya mwaka 1971 kuingia 1972, wakulima waligawiwa mbegu za ngano na shayiri zilizopakwa dawa ya ukungu yenye zebaki ya kikaboni. Maandishi ya tahadhari kwenye magunia yalikuwa kwa lugha za kigeni, na mbegu zilifika kwa wengi msimu wa kupanda ukiwa umepita. Familia zilioka mikate. Watu 6,530 walilazwa hospitalini na 459 kati yao walifia humo. Hadi sasa kanuni kwa mkulima wa Butiama au Bunda ni ile ile: mbegu iliyopakwa rangi na dawa hailiwi, haisagwi na haipewi kuku, hata njaa iwe kali namna gani.

Kwa wafanyabiashara wa samaki wa Musoma, habari si mbaya kiasi hicho. Vipimo vilivyofanyika kwa samaki wa Ziwa Victoria tangu miaka ya 1990 vilikuta wengi wao wakiwa chini ya kiwango cha kimataifa cha miligramu 0.5 kwa kilo. Sangara mkubwa huwa na zebaki nyingi kuliko dagaa, kwa sababu anakula samaki wengine na ameishi miaka mingi zaidi. Dagaa hubaki chakula salama na cha bei nafuu. Kuchafua mito inayoingia ziwani, hata hivyo, ni kuhatarisha soko hilo.

Nywele hutunza kumbukumbu

Nywele ni protini yenye sisteini nyingi kuliko karibu nyingine yoyote mwilini. Salfa zake zilizoshikana ndizo zinazoamua kama nywele ni ya kipilipili au ya singa. Wenye saluni hawajui kemia hiyo kwa jina, lakini wanaifanya kila siku: dawa ya kulainisha au ya kalikiti huvunja viungo hivyo vya salfa ili nywele ikubali umbo jipya.

Kwa kuwa nywele ina salfa nyingi, zebaki iliyo kwenye damu hunaswa humo nywele inapoota, na hubaki hapo. Nywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, hivyo sentimita tatu zilizo karibu na ngozi ni kumbukumbu ya miezi mitatu. Ndiyo maana watafiti hukata nywele kupima zebaki iliyotokana na samaki, na hutumia mkojo kupima ile ya mvuke.

Wenye maduka ya vipodozi nao wana lao la kuzingatia. Baadhi ya sabuni na krimu za kung'arisha ngozi zimewahi kutengenezwa kwa zebaki, ambayo hushika kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi. Tanzania imevipiga marufuku. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na anayekamatwa navyo hupoteza mali na mtaji.

Mihogo, sianidi na salfa hiyo hiyo

Mkoa wa Mara unalijua pia pigo jingine linaloigusa salfa ya mwili. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Wilaya ya Tarime walikumbwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na kwa kudumu. Uchunguzi ulionyesha kuwa walikuwa wakila mihogo michungu ambayo haikuandaliwa vya kutosha, na karibu hawakuwa na kitoweo.

Mihogo michungu hutoa sianidi. Mwili huishinda sianidi kwa kuiunganisha na salfa, kisha huitoa kwa mkojo. Salfa hiyo hutoka kwenye sisteini na methionini, yaani kwenye protini ya chakula. Mtu anayekula mihogo mitupu hupata sumu nyingi na salfa chache kwa pamoja.

Kinga yake iko jikoni. Mihogo ilowekwe au ivundikwe vizuri na kukaushwa kabisa kabla ya kusagwa udaga. Unga ukitiliwa shaka, ulowanishwe kwa maji, utandazwe kwa tabaka jembamba juani kwa saa mbili, au kivulini kwa saa tano, ndipo usongwe ugali siku hiyo hiyo. Unga wa mtama ukichanganywa, na dagaa, maziwa au maharage yakiwepo mezani, mwili hupata salfa ya kujilinda na sianidi. Lakini isieleweke vibaya: mlo mzuri haumlindi mtu anayevuta mvuke wa zebaki.

Hesabu ya biashara

Wengi huuliza, kama zebaki ni mbaya hivyo, mchimbaji afanye nini na njaa iko mlangoni? Swali hilo linajibika kwa hesabu.

Tonge la dhahabu na zebaki kwa kawaida huwa karibu nusu kwa nusu. Mwenye tonge la gramu 10 akilichoma wazi, gramu tano hivi za zebaki, alizozinunua kwa fedha yake, zinapotea hewani. Akichomea ndani ya ritoti, ambayo ni chombo cha chuma kilichofungwa chenye bomba linalopoza mvuke, hurudishiwa zaidi ya tisa ya kumi ya zebaki hiyo na kuitumia tena. Fundi wa kuchomelea wa kawaida anaweza kuitengeneza kwa mabomba ya chuma, na kikundi kinaweza kununua moja kwa kuchangia. Ni lazima ifungwe barabara, itumiwe nje na ifunguliwe ikiwa imepoa.

Hasara ya pili iko kwenye dhahabu yenyewe. Zebaki hukamata ile dhahabu iliyo wazi na kuiacha ndogo sana iliyojificha ndani ya mawe. Mara nyingi zaidi ya nusu hubaki kwenye marudio, na anayeyanunua marudio hayo kwa bei ya chini huitoa kwa sianidi. Hapo kuna hatari mpya, kwani sianidi huyeyusha pia zebaki iliyobaki na kuirahisishia safari ya kufika kwenye maji. Vituo vya mfano vya STAMICO vya Lwamgasa mkoani Geita, Katente wilayani Bukombe na Itumbi wilayani Chunya vilijengwa kuwaonyesha wachimbaji wadogo njia za kuchenjua zinazotoa dhahabu nyingi zaidi. Nchini Ufilipino, wachimbaji wa Benguet wametumia boraksi badala ya zebaki kwa miongo kadhaa.

Hasara ya tatu inawahusu mabroka. Dhahabu iliyochomwa mara moja bado ina zebaki kidogo ndani yake. Mnunuzi anapoiyeyusha dukani, zebaki hiyo hutoka mahali penye kuta nne, na jirani yake ni fundi cherehani au mama lishe. Kuyeyushia mbali na makazi, penye kifaa cha kunasa mvuke, ni kinga kwake mwenyewe kwanza. Masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019 yamempa muuzaji mahali rasmi pa kupimia na kuuzia, hivyo sababu ya kuyeyushia chumbani imepungua.

Sheria nayo imebadilika. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, uliridhiwa na Tanzania mwaka 2020. Mkataba huo unazitaka nchi kukomesha mambo manne: kutia zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa bila kuchuja kwanza, kuchoma tonge wazi, kuchomea kwenye makazi, na kutia sianidi kwenye marudio ambayo zebaki haijaondolewa. Uuzaji wa zebaki unasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na muuzaji asiyesajiliwa anavunja sheria.

Kwa mkulima aliye jirani na mwalo, hatua ni za kawaida. Kisamvu na mboga zisichumwe karibu na mahali pa kuchomea, kwa sababu majani hunyonya zebaki ya hewani kuliko mizizi inavyonyonya ya ardhini. Ng'ombe wasinyweshwe kwenye mabwawa ya marudio. Mjamzito na watoto wakae mbali kabisa na moto huo, na nguo za mwalo zisifuliwe pamoja na nepi. Sufuria iliyochomea tonge haifai kupikia tena, hata ikisuguliwa kwa mchanga.

Serikali ya kijiji inaweza kufanya jambo moja lisilohitaji bajeti kubwa, nalo ni kutenga sehemu moja ya kuchomea, mbali na nyumba na kisima, na kuweka hapo ritoti ya pamoja. Mchimbaji atarudishiwa zebaki yake, na mama lishe atapumua hewa safi. Dhahabu ya Buhemba itauzwa na kwisha siku moja kama ilivyo kwa kila mgodi, lakini mtoto aliyeharibiwa ubongo akiwa tumboni ataishi na ulemavu huo maisha yake yote, na mzigo wa kumlea utabaki kwa familia ile ile iliyokuwa ikitafuta riziki.